Kama DNA ni moja, seli za neva zimepata wapi aina zake zote?

Mwalimu mmoja wa biolojia kutoka Tanga ameniandikia hivi: "Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameniuliza: ikiwa mwili mzima umetokana na yai moja, na karibu kila seli ina DNA ileile, ubongo ulizipata wapi aina nyingi hivyo za seli za neva? Nani anaiambia kila seli iwe nini? Nikamjibu kuwa ni kazi ya jeni. Akanyamaza, lakini nilijua sijamjibu. Nina swali langu pia. Mwaka jana mdogo wangu wa kike alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Nyumbani na mtaani yanasemwa mengi. Je, jambo hilo lina uhusiano na namna seli hizi zinavyoundwa? Na akitaka kubeba mimba nyingine, kuna la kufanya?"

Mwalimu, pole kwako, kwa mdogo wako na kwa familia nzima. Nitaanza na swali la mwanafunzi, kwa kuwa jibu la swali lako limo humohumo ndani yake.

Mwanafunzi mwambie hivi: seli ya neva huwa vile ilivyo kwa sababu ya mahali ilipozaliwa, wakati ilipozaliwa, na wenzake iliowakuta ilikofika. Jeni zipo zote ndani yake, ila mahali na wakati ndivyo vinavyoamua zipi ziwashwe na zipi zizimwe. Hapo ndipo neno "kazi ya jeni" linapopungukiwa. Jeni peke yake haijui iko wapi. Lazima iambiwe.

Kabla ya kueleza inavyoambiwa, napenda uione tofauti yenyewe kwa macho. Nenda bucha wanakouza vichwa vya mbuzi, umwombe muuzaji akupasulie fuvu polepole bila kuuponda ubongo. Kwa nyuma, kisogoni, utakuta donge dogo lenye mikunjo myembamba iliyolaliana kama kurasa. Huo ndio ubongo mdogo. Uukate katikati kwa wembe mpya, kutoka juu kwenda chini, kisha ufungue. Utaona mti: shina jeupe, matawi meupe, na pembeni ya kila tawi ukingo wa kijivu kama majani. Wataalamu wa anatomia wa zamani waliuita mti wa uzima, na mpaka leo sijachoka kuutazama.

Ndani ya ule ukingo wa kijivu wanakaa majirani wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja ni seli ya Purkinje, iliyopewa jina la mtaalamu wa Kicheki aliyeielezea mwaka 1837. Ni kubwa, ina matawi yaliyotandazwa bapa kama feni ya ukindu, na hupokea ujumbe kupitia maungio zaidi ya 100,000. Jirani yake ni seli ya chembechembe, ndogo kabisa, yenye vijitawi vinne au vitano tu. Hii ndogo ni nyingi ajabu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo zimo katika ubongo mdogo, karibu zote zikiwa za aina hii. Gamba la ubongo, lile tunalolitumia kusoma barua hii, lina bilioni 16 tu. Sasa ukitoka hapo ukaenda kwenye uti wa mgongo, utakuta seli inayoamrisha kidole gumba cha mguu, ambayo waya wake unatoka kiunoni hadi unyayoni, urefu wa kama mita moja. Zote tatu zina DNA ileile.

Aina ziko ngapi kwa jumla? Mwaka 2023 watafiti wa Sweden na Marekani walichapisha sensa ya ubongo wa binadamu. Walichukua vipande kutoka sehemu zipatazo 100 za ubongo wa watu waliofariki, wakasoma ni jeni zipi zilikuwa zimewashwa ndani ya viini vya seli zaidi ya milioni tatu, kimoja kimoja. Walipata makundi 461, na ndani yake vijikundi 3,313. Sina hakika kama inafaa kuita kila kijikundi "aina", maana hesabu hutegemea unakata vipande vinene au vyembamba. Lakini jambo moja la sensa ile linanigusa sana: utofauti mkubwa haukuwa kwenye gamba tunalojivunia. Ulikuwa chini, kwenye shina la ubongo na ubongo wa kati, sehemu za kale tunazochangia na samaki na kenge, zinazosimamia pumzi, usingizi, njaa na maumivu.

Sasa turudi mwanzo kabisa. Katika wiki ya tatu baada ya yai kurutubishwa, mgongoni mwa kiinitete hutokea bamba la seli. Kingo zake mbili huinuka, hukunjamana kuelekeana, hukutana na kushikana, bamba likawa mrija. Kufunga huku huanzia maeneo ya shingo, kisha huenda juu na chini kama zipu. Ifikapo siku ya 28 hivi mrija unakuwa umefungwa ncha zote mbili. Upande wa juu utakuwa ubongo, upande wa chini utakuwa uti wa mgongo. Kumbuka siku hiyo ya 28, tutairudia.

Katika mrija huo seli zote zinaonekana sawa. Kinachozitenganisha ni habari zinazotoka kwa majirani, na aliyefungua mlango wa ufahamu huu alikuwa mwanamke kijana wa Kijerumani, Hilde Mangold. Akiwa mwanafunzi wa Hans Spemann huko Freiburg, alichukua kipande kidogo cha kiinitete cha nyuti, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia, akakipandikiza tumboni mwa kiinitete kingine cha rangi tofauti. Rangi ilimwezesha kujua nani katoka wapi. Kile kipande hakikujitosheleza kwa kuota chenyewe. Kiliwaamrisha wenyeji: seli za tumbo zilizokuwa ziwe ngozi ziligeuka kuwa mrija wa neva wa pili, na kiinitete kikawa na migongo miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924. Mwaka huohuo Hilde alifariki kwa ajali ya moto nyumbani kwake, akiwa na miaka 25, mama wa mtoto mchanga. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Nikifundisha somo hili, jina la Hilde nalitaja kwanza.

Amri zenyewe ni nini? Ni protini zinazosambaa. Fikiria chumba kirefu, na chetezo cha udi kimewekwa upande mmoja. Aliyekaa karibu na chetezo moshi unamjaa, wa katikati ananusa vizuri, wa mlangoni anaambulia harufu kidogo. Hata ukiwafumba macho, kila mmoja anaweza kukuambia amekaa wapi kwa harufu tu. Chini ya mrija wa neva kuna ufito wa seli unaotoa protini iitwayo Sonic hedgehog, jina lililochukuliwa kwa mhusika wa mchezo wa kompyuta. Juu ya mrija kuna protini za kundi la BMP. Kila seli hujikuta kati ya vyetezo viwili, hupima huku na huku, na kwa kipimo hicho huwasha jeni zake.

Na kipimo hicho ni makini kupita unavyodhani. Miaka ya 1990, Thomas Jessell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichukua vipande vya mrija wa neva wa kifaranga wakaviweka kwenye sahani, wakaongeza Sonic hedgehog kwa vipimo tofauti. Kuzidisha dozi mara mbili au tatu tu kulitosha kuipa seli hatima nyingine. Sehemu ya chini ya mrija hugawanyika kuwa kanda tano, na kila ukanda hutoa aina yake. Mmojawapo hutoa seli zinazokaza misuli. Mwingine hutoa seli zinazopanga zamu za mguu wa kushoto na wa kulia unapotembea. Upande wa juu, kwenye harufu ya BMP, huzaliwa seli zitakazopokea habari za mguso, joto na maumivu. Kuna protini nyingine zinazoieleza seli iko karibu na kichwa au karibu na mkia, na kanuni ni hiyohiyo.

Unaweza kuuliza, tunajuaje kwamba mambo ni hivi kwa kweli, na si hadithi nzuri tu? Mimi kinachonishawishi ni kwamba leo watafiti hupika. Huchukua seli shina za binadamu, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi, huzipa protini hizi kwa mpangilio na vipimo vinavyofuata vya kiinitete, na baada ya wiki chache hupata seli zinazotoa dopamini, zilezile zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Seli za namna hiyo tayari zimepandikizwa katika ubongo wa wagonjwa kwa majaribio.

Kisa kingine kinachoonesha uzito wa jambo hili kilitokea kwa wafugaji. Miaka ya 1950 huko Idaho, Marekani, kondoo walianza kuzaa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso, na ubongo ambao haujagawanyika kulia na kushoto. Wafugaji walidhani ni ukoo mbaya. Uchunguzi wa miaka mingi ulionesha kuwa kondoo wajawazito walikuwa wakila mmea fulani wa milimani wenye kemikali ambayo baadaye iliitwa saiklopamini, na madhara yalitokea mama alipoula siku ya 14 ya mimba. Siku nyingine, mwana-kondoo alizaliwa na macho yake mawili. Miaka mingi baadaye ikajulikana kuwa saiklopamini huziba masikio ya seli zisisikie Sonic hedgehog. Ukoo wa kondoo haukuwa na kosa lolote.

Hayo yote ni mahali. Wakati nao una kazi yake, na hakuna panapoonekana vizuri kama kwenye gamba la ubongo.

Gamba la binadamu lina tabaka sita, na kila tabaka lina seli za tabia yake. Za tabaka la tano hupeleka waya mbali, hadi uti wa mgongo. Za tabaka la nne hupokea habari za macho, masikio na ngozi. Za tabaka la pili na la tatu huzungumza na sehemu nyingine za gamba, pamoja na nusu ya pili ya ubongo. Seli hizi kubwa zinazopeleka ujumbe wa kusisimua hutokana na mama mmoja wa ukoo mmoja. Seli mama hizo zimejipanga ndani kabisa, ukingoni mwa uwazi wenye maji uliobaki katikati ya ule mrija. Kila moja ni ndefu na nyembamba, mguu wake mmoja uko ndani kwenye maji, na mwingine umefika hadi juu kwenye uso wa ubongo. Inapogawanyika, mtoto anayezaliwa hulikumbatia shina la mama yake akalipanda, kama mkwezi anavyopanda mnazi, akielekea juu. Mtafiti Pasko Rakic aliziona seli hizi zikiwa zimenasa katikati ya safari, zimeyakumbatia mashina hayo, katika ubongo wa vijusi vya nyani, na akalichapisha mwaka 1972.

Wa kwanza kuzaliwa hukaa chini. Anayefuata huzaliwa chini ya huyo wa kwanza, humpita, na kukaa juu yake. Wa tatu huwapita wote wawili. Ni kama ghorofa lenye mlango mmoja tu chini: wapangaji wa kwanza huchukua vyumba vya chini, na kila anayekuja baadaye lazima apite ngazini mbele ya milango yao kwenda juu zaidi. Kwa hiyo tabaka za ndani ni za wakubwa, na tabaka za juu ni za vitinda mimba. Mama ni yuleyule. Mwanzoni huzaa seli za waya mrefu, baadaye huzaa seli za mazungumzo ya ndani, mwishoni huacha kuzaa seli za neva na kuzaa seli za kuzihudumia.

Juu kabisa kuna seli zinazotoa protini ya reelin, na bila reelin seli hushindwa kuwapita wakubwa wao. Panya wasio nayo hutembea wakiyumba kama walevi, na ukiangalia ubongo wao, tabaka za gamba zimekaa juu chini.

Je, mtoto hujua kazi yake kwa sababu ya saa aliyozaliwa, au kwa sababu ya chumba alichokikuta? Susan McConnell wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilipima jambo hili kwa ferret, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche ambaye gamba lake huendelea kujengwa hata baada ya kuzaliwa. Alichukua seli kutoka ubongo mchanga, zilizokuwa zinakaribia kuzaa watoto wa tabaka za chini, akazipandikiza katika ubongo wa mkubwa, ambako wakati huo walikuwa wakizaliwa wa tabaka za juu. Matokeo yake ya mwaka 1991 yalikuwa ya kupendeza: seli iliyohamishwa mapema, kabla ya mgawanyiko wake wa mwisho, ilifuata desturi ya ugenini ikaenda juu. Iliyohamishwa ikiwa imechelewa kidogo, saa chache tu baadaye, ilishika ya kwao ikaenda chini. Kwa maneno mengine, kuna dirisha ambalo seli bado inasikiliza, kisha dirisha linafungwa. Baada ya hapo jeni za kazi yake zimeshika. Katika gamba, jeni ya Fezf2 ikiwaka, seli hupeleka waya wake chini, kuelekea uti wa mgongo. Panya akiondolewa jeni hiyo, waya huo haujengeki. Ikiwaka Satb2, seli hupeleka waya ng'ambo, kwenye nusu ya pili ya ubongo.

Mwanafunzi wako akipenda hesabu, mpe hii. Seli bilioni 16 za gamba hutengenezwa kwa sehemu kubwa ndani ya miezi minne hivi ya mimba. Gawanya kwa dakika za siku 120 na utapata zaidi ya 90,000 kila dakika, usiku na mchana. Uwanja wa Benjamin Mkapa huchukua watu 60,000. Yaani kila dakika unajaa uwanja mmoja na nusu, na kila anayeingia lazima akae kwenye kiti chake. Panya hulimaliza gamba lake kwa takriban wiki moja. Kanuni ni zilezile, lakini kwa binadamu seli mama hudumu muda mrefu zaidi na zina kundi la ziada la seli mama za nje ambalo kwa panya ni dogo sana. Tofauti kubwa kati ya gamba letu na la panya imo katika muda huo wa kuzaa.

Hapo ndipo utaelewa balaa la virusi vya Zika. Virusi hivyo vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kwenye damu ya nyani aliyewekwa juu ya jukwaa la kuchunguzia homa ya manjano. Kwa miaka mingi vilionekana ni vya homa ndogo tu. Mwaka 2015 Brazil ikaanza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Virusi vya Zika hushambulia seli mama zilezile. Seli mama ikifa katika wiki ya 10, wote ambao ingewazaa hadi wiki ya 24 hawatakuwapo, na seli mama nyingine haziwezi kuziba pengo hilo. Kichwa kinabaki kidogo kwa sababu kilichokuwa kiujaze hakikuzaliwa.

Sijakuambia yote kuhusu gamba. Kama seli moja kati ya tano humo si mwenyeji. Hizi ni seli za breki: kazi yake ni kutuliza wenzake. Huzaliwa mbali, chini kwenye sakafu ya ubongo, na hazipandi mnazi. Husafiri kwa kukata mbavuni, safari ndefu, hadi zinaingia kwenye gamba na kutafuta mahali. Jambo hili lilithibitishwa kwa panya mwaka 1997 huko San Francisco. Kwa binadamu, baadhi ya seli za breki huendelea kusafiri kuelekea sehemu ya paji la uso hata miezi ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Mtoto ananyonya, na ndani ya kichwa chake wasafiri bado wako njiani. Zikipotea njiani au zikiwa chache, gamba hukosa breki, na baadhi ya watoto wenye kifafa kikali cha utotoni tatizo lao ni hilo. Nasema hivyo kwa kuwa kifafa kwetu bado kinaitwa majina yasiyostahili.

Kisha kuna wenzake iliowakuta. Ubongo huzaa seli kuliko mahitaji, na katika sehemu nyingi karibu nusu ya seli za neva hufa kabla ya kazi kuanza. Rita Levi-Montalcini, mtafiti wa Kiyahudi, alianza kulichunguza jambo hili chumbani kwake huko Turin, Italia, baada ya sheria za ubaguzi za mwaka 1938 kuwafukuza Wayahudi vyuoni. Alitumia mayai ya kuku na sindano za kushonea alizozinoa. Kutokana na kazi hiyo na iliyofuata, ilijulikana kuwa seli ya neva hubaki hai ikiwa imepata wa kuungana naye, maana huyo ndiye anayeipa protini ya kuiweka hai. Isiyopata mwenza hufa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Baada ya hapo maisha yenyewe, sauti, sura, maneno, mchezo, huendelea kupogoa na kuimarisha maungio hadi ujana, ingawa hayaibadilishi seli ya Purkinje kuwa kitu kingine.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kama hizi seli hubadilishwa zikichakaa. Kwenye gamba, hapana, na ushahidi wake ulitoka mahali pasipotarajiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani kabla ya mkataba wa mwaka 1963 yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, duniani, nayo ikaingia kwenye chakula na kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Jonas Frisén na wenzake huko Stockholm waliipima, wakakuta seli za neva za gamba zina umri sawa na mwenyewe. Zile alizokuwa nazo bibi yako akicheza mdako ndizo anazokukumbukia nazo leo.

Sasa mdogo wako. Ndiyo, Mwalimu, uhusiano upo, na uko mwanzoni kabisa. Mgongo wazi hutokea pale zipu ya mrija wa neva inaposhindwa kufika mwisho wake wa chini kabla ya ile siku ya 28. Siku hiyo wanawake wengi huwa ndiyo kwanza wanahisi siku zao zimechelewa. Mdogo wako hajafanya lolote, hajala lolote la kumlaumu, hajalogwa na hana laana. Mkiwa mmekaa nyumbani, naomba uliseme hilo kwa sauti, na yeye akiwa anasikia.

La kufanya lipo. Jaribio kubwa lililochapishwa Uingereza mwaka 1991 liliwahusu wanawake kama yeye, waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hili. Waliotumia miligramu 4 za foliki asidi, aina ya vitamini B, kila siku kuanzia kabla ya mimba walipunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72. Kwa wanawake wengine wengi kiwango ni miligramu 0.4 kwa siku. Yeye anahitaji kile kikubwa, na vidonge vya FEFO vya kliniki, vyenye madini ya chuma pamoja na foliki asidi, havikifikii, kwa hiyo aende kwa daktari amwandikie foliki asidi peke yake ya miligramu 4 au 5, aianze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na aiendeleze hadi miezi mitatu ya mwanzo ipite. Asimeze FEFO nyingi ili kufikisha kipimo, maana atajizidishia madini ya chuma. Kama anatumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti, daktari ajue mapema, kwa sababu dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi, lakini asiiache mwenyewe.

Asisubiri kliniki ya kwanza ya wajawazito. Wengi huifikia mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, na mrija umeshafungwa au umeshashindwa kufungwa zamani. Na mimba ikifika wiki ya 18 hadi 20, aombe ultrasaundi ambayo mpimaji atautazama mgongo wa mtoto kwa urefu wake wote. Wakati huo mgongo wazi mara nyingi huonekana, na ukionekana mtakuwa na miezi minne ya kupanga ajifungulie wapi, karibu na madaktari wa upasuaji wa watoto.